Gari Hailii

Gari ya baba ililia kuanzia Misima mpaka Korogwe, na mtu pekee aliyebisha kwamba hailii alikuwa baba mwenyewe. Ni pikapu ya zamani, rangi yake siku hizi hata sijui uiiteje, na mlio wake ulikuwa mwembamba wa kukereza meno. Ukiwasha asubuhi, kwiii. Ukipanda kilima, kwiii. Ukiwasha taa ndiyo usiseme. Mbuzi walikimbia kabla hawajaiona. Mama mmoja pale Misima aliniuliza kama nyuma tumebeba watoto wa mbwa. Nilicheka kwa adabu, lakini moyoni nilikuwa nawaka, maana mimi ndiye niliyekaa kiti cha pembeni, na kichwa changu hakihitaji kuchokozwa.

Nauza mahindi na maharage sokoni Handeni, na magunia yangu yanabebwa na gari hiyo. Baba aliendesha malori ya mkonge huko Korogwe tangu ujana, na alipostaafu hakutaka jembe wala baraza. Alitaka usukani. Mama alipofariki alilala chali kitandani hata uji hakunywa, na kilichomwinua hakikuwa maneno yetu. Nilimwambia magunia yangu yamekwama njiani, hakuna wa kuyaleta. Akauliza kofia yake iko wapi.

Kwa hiyo kaka zangu walipoanza maneno yao ya kumnyang'anya funguo, nilisimama upande wa baba. Walimwita kikaoni baada ya sala ya Ijumaa, wakazunguka mbuyu, mara afya, mara lami ya siku hizi ina mabasi yanayokimbia kama yanafukuzwa. Baba aliwatazama midomo mpaka wakamaliza. Kisha akasema, "Siku nitakayoshindwa kuisikia gari yangu, nitawapa funguo mwenyewe. Kabla ya siku hiyo asiniguse mtu." Kaka mkubwa akanigeukia mimi. Nikasema mzee aachwe. Nilijua bila usukani tutamzika.

Asiyemjua baba angedhani ni kiburi tu. Kule kwenye mkonge alikuwa na jina kwa sababu ya masikio yake. Mafundi wakishindwa, anaitwa yeye. Anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini inayounguruma, mpini anaubana sikioni, anafumba macho. Anahama hapa, anahama pale. Kisha anasema beringi ya mahali fulani, wanafungua, na kweli ni hiyo. Nilimwona kwa macho yangu nikiwa mtoto, nimeketi juu ya tairi bovu, na nilidhani baba za watu wote wanaongea na injini.

Basi gari ilipoanza kulia sikuhangaika. Nilijua siku hiyo hiyo atafungua boneti na jioni kutakuwa kimya. Nikamwambia, baba, gari inalia. Akainamisha kichwa kidogo, akasikiliza, akasema hailii. Juma lililofuata nikamwambia tena, akasema ni upepo. Upepo! Gari imesimama uani, hata jani la mgomba halitikisiki, yeye anasema upepo. Jirani alipomwambia, akajibiwa kwamba mkanda wa injini ni mpya, unazoea. Mkanda wenyewe ulikuwa na nyufa kama kisigino cha mkulima.

Nikaona huyu mzee ananitania. Siku alipokwenda msikitini nikaichukua gari, nikaipeleka kwa fundi wa Handeni mjini. Fundi akachukua kipande cha sabuni ya kufulia, akaupaka mkanda, akanionyesha dole gumba. Kimya. Nikafurahi kama mjinga. Sijafika nusu ya njia ya kurudi Misima, kwiii, tena sasa kwa nguvu ya kulipiza kisasi. Nikampigia fundi simu. Akasema nirudi apake mshumaa. Nikamwambia mshumaa akawashe kwao.

Fundi wa pili alifunga mkanda mpya, akaukaza mpaka ukigusa unatoa sauti ya gitaa. Ukanyamaza siku chache, halafu ukarudi na sauti nzito zaidi. Nikamfuata. Akasema labda ni mwendeshaji. Sikumtukana, na naomba nihesabiwe thawabu kwa hilo.

Mwishowe nikasema liwalo na liwe, twende Korogwe. Kuna fundi pale, Mshambaa wa Kerenge, aliyejifunza kazi chini ya baba kwenye mkonge na sasa mwenyewe ana mvi. Baba akakubali, lakini alitaka ieleweke kwamba tunakwenda kumsalimia kijana wake, si kutengeneza gari. Kijana wake ana wajukuu.

Njiani basi likatujia kwa nyuma. Baba alikuwa katikati ya barabara, ametanua kifua kama barabara ni shamba la babu yake. Basi likapiga honi. Likapiga tena, ndefu, mpaka nikaisikia kwenye mbavu. Baba hakusogea. Nikamwita, nikamgusa mkono, na kabla hajanigeukia basi likatupita kwa kubana, kioo cha pembeni kikatetemeka, na kondakta akatoa kichwa akatupa maneno nisiyoweza kuyaandika. Baba alishtuka kana kwamba basi lile limedondoka kutoka mbinguni.

Hasira zikanipanda. Nilimwambia baba yangu mzazi, tena kwa sauti, "Sikio la kufa halisikii dawa."

Neno lilipotoka tu nikashika mlango. Nilijua atafunga breki, atanishusha pale pale porini, na wala nisingemlaumu. Baba akaendelea kuendesha. Akasema mvua zikiendelea hivi, mahindi ya mwaka huu yatapendeza. Nikaona ananidharau kiasi kwamba hata kunijibu hataki. Nikanuna mpaka Korogwe.

Fundi alikuja mbio kutusalimia. Alisema shikamoo mzee, baba akawa anaangalia matairi. Akazunguka mbele yake, akainama, akarudia, na hapo baba akamjibu kwa furaha na kuuliza habari za Kerenge zote. Mimi nilikuwa nimekwisha kufungua boneti. Nikamwambia fundi salamu baadaye, kwanza ninyamazishie hiki kitu.

Huyu alikuwa fundi kweli. Aliuloanisha mkanda kwa maji ya chupa, mlio haukubadilika, akasema kosa si la mkanda. Akautoa kabisa, akawasha injini kidogo: kimya. Basi, akanieleza, tatizo liko kwenye kimojawapo cha vitu vinavyozungushwa na mkanda. Ama ni pampu ya maji, ama ni altaneta, ile inayochaji betri. Akaurudisha mkanda, akawasha, na sote tukasikia. Mlio ulitoka kwenye altaneta, wazi kabisa. Mimi si fundi, na niliusikia. Mama muuza chai wa upande wa pili alielekeza kidole.

Fundi akanyoosha mkono kuishika spana, kisha akasita. Akachukua bisibisi ndefu, akaifuta kwa tambara, akampa baba kwa mikono miwili. Akamwambia wewe ndiye uliyetufundisha, mzee, hebu tusomee.

Baba akavua kofia. Akaweka mpini sikioni, akafumba macho, ncha akaipeleka kwenye pampu. Akaipeleka kwenye altaneta, na pale mlio ulikuwa unapiga kelele hadi mimi nimekunja uso. Akarudi kwenye pampu. Alikaa muda mrefu. Alipofumbua macho alikuwa na ule uso wake wa zamani ninaoujua.

"Pampu ya maji," akasema.

Fundi akanitazama. Nikamtazama. Akasema sawa, mzee. Akaanza kufungua pampu isiyokuwa na ugonjwa wowote.

Nilimvuta pembeni. Nilimuuliza kama amerogwa, maana mlio ameusikia mwenyewe. Akasema ameusikia vizuri sana, lakini hawezi kumkosoa mwalimu wake mbele ya watu. Nikamwambia basi amkosoe pasipo watu. Akanitazama kwa upole ulioniudhi zaidi. "Wewe ndiye mwanawe," akasema. "Mwambie wewe."

Nikaenda. Baba alikuwa ameketi kwenye benchi, anawasimulia mafundi wengine kuhusu lori lililowahi kumshinda mzungu, wanamsikiliza kwa heshima zote. Nikafungua mdomo, nikamuuliza kama atakunywa chai. Heshima hii itatuua, niliwaza. Tukakaa pale, watu wazima na akili zetu, tunangoja pampu mpya inunuliwe ifungwe, kwa sababu hakuna mwenye ubavu wa kusema neno moja. Nilimkasirikia fundi, nikakasirikia chai, nikajikasirikia mimi.

Pampu ikafungwa. Fundi akawasha.

Kwiii.

Mafundi wote wakaangalia chini. Baba alikuwa amesimama mbele ya boneti, mikono nyuma, na mlio ule unampiga usoni. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mnaona," akasema.

Gari inalia, na baba yangu anatabasamu. Hasira niliyokuja nayo tangu Misima ikakosa mahali pa kukaa. Hakuwa mbishi. Hakuwa akinitania. Nikakumbuka methali yangu ya njiani, kwamba hakuisikia, na badala ya kushukuru nikaona uchungu.

Baba akaanza kutusoma nyuso, mmoja mmoja. Akamtazama fundi, fundi akajishughulisha na spana. Akaja kwangu, karibu sana. Nadhani alitaka kunong'ona, lakini siku zile alikuwa hajui tena kipimo cha sauti yake, na kila mtu alimsikia.

"Bado inalia?"

Nikaitika kwa kichwa. Akaivaa kofia yake polepole, akaiweka sawa.

Fundi akafungua altaneta. Alipoizungusha puli yake kwa mkono ilikwaruza kama inatafuna mchanga, na beringi ilitoka kavu, nyekundu kwa kutu. Akafunga nyingine. Safari hii alipowasha kulibaki muungurumo wa injini tu. Nilikuwa nimeutamani ukimya ule kwa miezi, na ulipokuja sikuupenda.

Baba alimshukuru fundi, akamtumia salamu kwao Kerenge, kisha akaizunguka gari na kufungua mlango wa kushoto. Akaketi mahali pangu, mikono juu ya magoti. Funguo ilikuwa inaning'inia kwenye swichi. Akawa anatazama mbele tu. Nikaingia upande wa usukani.

Tulipotoka mjini basi likatujia kwa nyuma likipiga honi. Nikasogea pembeni, likatupita vizuri. Baba alilifuata kwa macho mpaka likapotea kwenye kona.

"Alipiga honi?" akauliza.

"Alipiga, baba," nikamwambia kwa sauti kubwa. "Nimeisikia."