Namba ya Siri Ukutani kwa Mama Tepu

Walimwita Mama Tepu kwa sababu tepu ya kupimia haikumtoka shingoni, hata akienda msibani. Alikuwa fundi cherehani, na duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye mashine mbili: moja akishonea yeye, nyingine imefunikwa kitambaa tangu mdogo wake aondoke.

Ugomvi wao ulikuwa wa kipuuzi, kama ugomvi mwingi wa ndugu. Mdogo mtu alikata gauni la bibi harusi likawa fupi, dada mtu akamsema mbele ya wateja, maneno yakawa makali. Mdogo akabeba mkasi wake, akaenda kuajiriwa ofisini mji mwingine. Ukimuuliza Mama Tepu habari zake, naye atakuuliza wewe unataka suruali au sketi.

Sasa, ni huyo mdogo aliyelifungulia duka tovuti enzi walipokuwa wakipatana. Wateja wa mbali walimpata fundi kupitia jina la tovuti hiyo; wengine hawakujua hata mtaa wake. Kisha kampuni iliyolisajili jina ikatangaza kwamba inafunga: kila mwenye jina alihamishie kwenye kampuni nyingine, la sivyo litapotea. Kulihamisha kulitaka namba ya siri, mchanganyiko wa herufi na tarakimu, nayo hutumwa kwenye barua pepe ya aliyejisajili tu. Barua pepe ya nani? Ya mdogo mtu, bila shaka.

Mama Tepu alijizungusha siku kadhaa, akidai ana kazi nyingi. Mwisho akajikaza, akatuma ujumbe mkavu: "Jina la duka linataka kupotea. Naomba namba ya kuhamishia." Jibu likaja kavu vilevile: namba, basi. Hata salamu hamna. Iliuma, lakini angelalamika vipi, naye hakusalimia?

Gauni la mteja lilikuwa bado mezani, akaona alimalize kwanza. Kwa hiyo akafanya anachofanya kwa kila namba anayopewa: alichukua chaki, akaiandika kwenye ubao wa vipimo ukutani, chini ya viuno na vifua vya watu. Tena kwa mwandiko mzuri, herufi kubwa kubwa, ndogo ndogo. Gauni lilipokwisha, akamsimamisha mteja mbele ya ubao, akampiga picha, akaiweka kwenye ukurasa wa duka mtandaoni ili dunia nzima ione kazi ya mikono yake.

Hata chai haijapoa, simu ikalia.

"Dada! Futa ubao!"

"Nani mwenzangu?" aliuliza, ingawa sauti ile angeitambua hata usingizini.

"Mimi! Namba ya siri inaonekana nyuma ya hilo gauni, yote! Mtu akiichukua anaweza kulihamisha jina likawa lake. Huo ni ufunguo, dada, siyo kipimo cha kiuno! Toa picha kwanza."

Mama Tepu aliitoa picha, akafuta ubao kwa kiganja.

"Nimeshaomba nyingine," mdogo alisema. "Ikitoka mpya, ile haifanyi kazi tena. Haya, shika chaki... hapana, usishike kitu! Kaa kwenye kompyuta, nakusomea uandike humo humo."

Alimsomea herufi moja moja, na dada akabonyeza kwa kidole kimoja, akihema kama anayetunga uzi kwenye sindano. Kampuni mpya ikajibu: ombi limepokelewa, jina linahamishwa. Wote wawili wakashusha pumzi.

Ndipo swali likamjia Mama Tepu.

"We, ile picha niliiweka sasa hivi tu. Umeionaje?"

"Naziangalia zote, dada. Tangu nilipoondoka. Na ile kola ya juzi uliikosea, upande wa kushoto."

Mama Tepu alicheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia.

"Nilikukosea wewe, mdogo wangu. Mbele za watu. Nisamehe."

"Yameisha, dada."

"Hayajaisha. Hapa wanauliza barua pepe ya mwenye jina. Naandika yako na yangu. Na hiyo kola, lini unakuja kuirekebisha?"

"Jumamosi."

Mama Tepu alifunua mashine ya pili, akaipangusa vumbi, akaanza kutafuta chupa ya mafuta.