Kiti cha Omogambi

Wifi yangu Nyanchera hajawahi kuliona kaburi analolitunza. Miaka ishirini na sita amefyeka njia ya kilima chetu kule juu ya Ekerenyo, amewapandisha wageni hadi kwenye kuta za mawe zilizobaki za ufalme wa kale, na kila mara yeye hubaki nje ya mlango. Ndani amelala Omogambi, mtawala aliyeuanzisha ukoo wetu. Mimi ni binti wa ukoo, ruhusa ninayo, ingawa sikuwahi kujisumbua kuingia. Yeye aliolewa na kaka yangu Mokua, kwa hiyo Omogambi, japo ni babu wa mababu, ni baba mkwe wake, na kwetu mke haingii kwa baba mkwe. Heshima hiyo tunaiita chinsoni, na haiishi ati kwa sababu mzee alikufa zamani.

"Baba mkwe gani huyo, hata meno hana?" mimi humtania.

"Nyamaza wewe, atakusikia!" Na ni Msabato wa kweli kweli huyo, wa kuhubiri kwamba wafu hawajui neno lolote.

Basi huwaeleza wageni palepale mlangoni: mtaona kaburi, na kando yake kiti cha jiwe alichokalia Omogambi akiamua kesi. Hayo aliambiwa na Mokua walipooana. Mokua, Mungu amrehemu, alikuwa na maneno matamu na mgongo mbovu. Hata kikapu cha majani chai hakubeba. Nyanchera ndiye aliyebeba kila kitu, huku akimsema njia nzima.

Mwezi uliopita akaja msichana wa chuo, Natasha, na daftari lake. Alipotoka ndani akasema, "Mama, kile kiti si cha kale. Kuna mtu alikiweka hapo miaka ya majuzi tu."

Nyanchera akaacha kula. Yaani amekuwa akidanganya watu mlangoni kwa baba mkwe wake? Akaapa hatapandisha mgeni mwingine mpaka ajue ukweli. Akanipigia simu huku Mosocho nilikoolewa: wifi, njoo uniangalizie.

Nilipanda kile kilima nikinung'unika, goti linaniuma, yeye mbele yangu. Nikamwacha mlangoni, nikaingia.

Kaburi ni rundo la mawe lililoota nyasi. Kando yake, kiti. Nikainama kukitazama. Lo! Lilikuwa jiwe la mama la kusagia wimbi. Ule ufa wa pembeni niliufanya mimi nikiwa mdogo, na viboko vyake bado navikumbuka. Jiwe hilo lilipotea mwaka uleule Nyanchera alipoanza kuongoza wageni, na mama akanisingizia mimi, ati nimelipeleka kwa mume wangu. Alikufa akiamini hivyo!

Hapo nikaelewa. Kiti hakikuwahi kuwapo. Mokua alijitungia tu ili amfurahishe mke mpya, na wageni walipoanza kuja, akaogopa mkewe asije akaonekana mwongo.

Nikatoka. Nyanchera alikuwa ameshikilia leso yake kwa mikono miwili.

"Kipo?"

"Kipo."

Ningeweza kuishia hapo. Lakini mimi nina mdomo, tena nilikuwa na hasira za jiwe la mama. Nikamwambia yote.

Akageuka, akautazama mteremko wote tuliopanda, mpaka kule chini kwenye paa la nyumba yake.

"Alilibeba mpaka huku?" akauliza. "Na ule mgongo wake?"

Akakaa kwenye nyasi, akalia, akacheka, akalia tena. Nami nikakaa kando yake nikalia. Nampenda huyu mwanamke kuliko ndugu zangu wa tumbo moja, na siku hiyo nilimwambia.

Jumapili walikuja wageni kutoka Sironga. Nyanchera akasimama mahali pake, nje ya mlango.

"Humo ndani mtaona kaburi la baba mkwe wangu," akawaambia. "Kando yake kuna jiwe la kusagia. Hilo lililetwa na mume wangu. Msilikalie."