Mlango Usiopitisha Hata Sisimizi

Nilimdanganya mwalimu mkuu pale Soni kwamba mimi ni seremala, na kumbe kule Shume nilibeba mbao tu. Alitaka darasa la saba waonje ufundi; Afisa Elimu angeamua kama somo liendelee. Wiki ya jua tukatengeneza mlango wa darasa. Nikajisifu kwamba hata sisimizi hapenyi.

Siku ya ukaguzi ukungu ukashuka, mbao zikavimba, mlango ukakwama, tukanasa ndani na Afisa. Nikavuta mpaka kitasa kikabaki mkononi. Zubeda, mwanafunzi wangu, akachukua bisibisi, akafungua bawaba, tukaung'oa mlango kwa shangwe.

“Somo liendelee,” alisema Afisa. “Ila ndugu fundi, umetengeneza milango mingapi?”

“Pamoja na huu, mmoja.”

Nikamgeukia Zubeda. “Shikamoo, fundi.”

“Marahaba,” akajibu bila kucheka.