Baba Kibuyu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika boma la Kisarawe nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi ya mkaa na suruali ya kuazima kwa mjomba. Nilikuwa nimeambiwa kuna kazi ya serikali kwa Bwana Maendeleo, Mwingereza aliyeshughulikia kisomo cha watu wazima, vyoo na mashamba. Nilitegemea meza na wino. Mwalimu wa Michezo ya Kuigiza, ambaye ndiye angekuwa mkubwa wangu, alinitazama juu hadi chini, akanikabidhi kanzu iliyochanika na kibuyu cha tembo kisicho na tembo.

"Wewe ndiye mlevi," akasema. "Vaa."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika uigizaji, na sikutoka mpaka nilipostaafu.

Ninyi vijana mna taa na vipaza sauti. Jukwaa letu lilikuwa lori lililoshushwa ubavu mmoja, na pazia letu shuka mbili za hospitali. Maandishi hatukuwa nayo; Mwalimu alitutamkia maneno, nasi tukayashika kwa kusikia. Alitufundisha kutoa sauti tumboni ili imfikie aliyesimama nyuma kabisa, na kutowapa watazamaji mgongo hata unapofukuzwa na mkeo, ambaye kwetu alikuwa fundi cherehani mwenye ndevu zilizonyolewa vizuri.

Mchezo uliopendwa kuliko yote ulimhusu mtu aitwaye Kibuyu, aliyelewa badala ya kulinda shamba, mpaka nguruwe wakamaliza mihogo yake. Kibuyu nilikuwa mimi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na kila walipocheka, mimi niliinama nikatazama vidole vyangu vya miguu. Mwalimu hakuchoka kuniambia niinue macho, kwamba watu hawatanila. Sikuweza, na sababu ilikuwa baba yangu.

Baba alikuwa mnyapara wa gengi la reli pale Soga, kundi linalokaza vyuma na kubadilisha mataruma, yaani vile vilalio vinavyobeba reli. Alikuwa mtu wa swala tano na maneno machache. Alikuwa amekwisha kuwatangazia wenzake kwamba mwanawe kapata kazi ya serikali. Tulipocheza Soga mara ya kwanza, niliamini hakuja. Jioni nikaenda nyumbani, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba.

"Nimekusomesha ili ujifanye mlevi mbele za watu?" akaniuliza.

Hakuligusa tena jambo hilo. Watoto wa stesheni wakaanza kumwita Baba Kibuyu, nami nikaona aibu kwa niaba yake. Kila nilipomtembelea nikimpelekea sukari tulizungumza habari za mvua na ndugu zangu. Kazi yangu tuliipita pembeni.

Tulizunguka Maneromango, Chole na mashamba ya mkonge ya Kibaha. Bwana Maendeleo wa kwanza akahamishwa, akaja mwingine aliyependa sinema kuliko sisi. Alitutazama mara moja, akamwambia Mwalimu kwamba yule mlevi anaigiza kama mtu anayeomba radhi. Asipobadilika kufikia safari ijayo ya Chole, atafutwe mwingine. Nilikuwa na mke na watoto. Kabla ya safari hiyo baba akaugua kifua, akafariki.

Siku ya kuanua matanga alikuja mtani wetu, Mnyamwezi wa gengi aliyefanya kazi chini ya baba miaka mingi. Siku hizi utani mnaujua kwa mizaha tu. Kwetu mtani alikuwa na kazi msibani: alivaa nguo za marehemu akamwiga mbele ya wafiwa, ili waliomlilia wapate pia kumcheka.

Alitoka ndani na koti la kaki la baba, spana begani. Akatembea hatua fupifupi za mtu anayepita juu ya mataruma, akainama, akagonga, akasikiliza. Alikuwa baba kabisa. Wanawake wakacheka huku wakilia. Kisha akaweka spana chini, akaokota kata ya maji, akaanza kuyumba.

Ulikuwa mchezo wangu, mwendo wangu, mwanguko wangu, hata maneno yangu kwa yule mke wa ndevu. Walipocheka akainama, akatazama vidole vyake vya miguu. Halafu akajinyoosha, akasema kwa ile sauti nzito ya baba:

"Hapo ndipo anapoharibu. Anainamia nini? Mimi Baba Kibuyu nimesimama huku nyuma, na wala haniinulii macho."

Nililia kuliko siku ya maziko. Baadaye nilimvuta mtani pembeni. Akanieleza kwamba baba hakukosa mchezo wetu hata mmoja Soga, na kwamba aliwahi kupanda kiberenge cha reli kutufuata stesheni nyingine. Alisimama nyuma ya wanaume warefu, kisha akirudi gengini anawachezea wenzake mchezo mzima. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Alikwisha kukuambia lile neno la kwanza," mtani akasema. "Kulirudisha kulimshinda."

Tulipofika Chole, Bwana Maendeleo alikaa mbele na kofia yake magotini. Watu wakacheka. Niliinua macho, nikawatazama mmoja mmoja mpaka wale wa nyuma. Mkataba wangu haukuguswa, na tangu siku hiyo nikajiona mtu mzima.

Sasa nimestaafu, na vijana huja kuniuliza mtu anapataje kujiamini. Sina somo refu. Nawaambia kwamba kabla ya kutamka neno la kwanza kila mara nilitazama nyuma kabisa, kwa wanaume waliosimama. Huko ndiko alikokuwa baba yangu miaka yote ile, na mimi nilikuwa nikitazama vidole.