Tairi Zililiwa kwa Ndani, Lawama Nikampa Shemeji

Nimekosa, na leo nasema mwenyewe kwa sababu wa kuwasingizia wameniishia. Jina langu naomba lifichwe. Soko zima la Kongowea wananijua, na wale watu hawachoki kucheka.

Shule niliiacha mapema nikashika mkokoteni. Nimesukuma magunia ya watu mpaka nikaanza kusukuma ya kwangu, na siku hizi lori la vitunguu likishuka kutoka bara, dereva ananiulizia mimi kwanza. Nyumba ya Mishomoroni nimejenga mwenyewe. Mke nimeoa Mtongwe, kwa watu wa heshima. Kwa hivyo nilipopata gari la kujistarehesha, sikuona kwa nini lifanane na ya watu wengine.

Nikalishusha. Fundi mmoja wa kando ya barabara alizikata springi kwa grainda, gari likalala chini kama paka anayevizia. Wallahi lilipendeza! Vijana wa bodaboda walikuwa wakiniona wanasimama. Kweli, pale pa kupandia feri Likoni lilikuwa likikwaruza tumbo, lakini hata ule mlio niliupenda, maana watu wote waligeuka.

Sasa sikilizeni nilivyoharibu.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliliazima siku moja ampeleke mamake kliniki. Alilirudisha limeoshwa. Baada ya wiki chache tairi ya mbele ikanipasukia Changamwe. Ilipovuliwa nikaonyeshwa: kwa nje mpya kabisa, kwa ndani imeliwa mpaka nyaya zinachungulia. Ya upande wa pili vilevile.

Mtu mwenye akili angeuliza kwa nini. Mimi niliuliza nani.

Nikakumbuka ile njia ya mashimo ya kwa kina shemeji. Papo hapo nikarekodi sauti, nikaituma kwenye kundi la familia, ambamo mamake yumo, wajomba wamo, mpaka wakwe wa dada yake mwengine wamo. Nikasema gari si mkokoteni wa kupelekwa popote, na kwamba mtu ambaye hajawahi kununua hata tairi ya baiskeli hawezi kujua uchungu wa tairi. Nikajisikiliza tena, nikajiona nimesema vizuri.

Shemeji alijibu, "Sawa, shemeji," akatoka kwenye kundi.

Nikanunua tairi mpya. Nazo zikaliwa, kwa ndani vilevile, na shemeji hata mlango wa gari hakuugusa. Hapo nilipaswa kufunga mdomo nifikiri. Nilifunga mdomo kwenye kundi tu. Nikahamisha za kulia kushoto, nikamlaumu muuza tairi, nikailaumu lami, nikailaumu chumvi ya bahari. Mke wangu akawa kila asubuhi ananisindikiza mpaka garini na kuniuliza, "Na jana ni nani aliyekuja kulitafuna?"

Mzaha uliisha ilipokuja posa ya binti yetu. Kwa watu wa mke wangu, binti haombwi mjomba wake hayupo. Yeye ndiye huulizwa, na yeye ndiye hujibu. Na mjomba wa binti yangu ni yuleyule niliyemrekodia maneno. Mke wangu akampigia, akaweka simu wazi nami nisikie.

"Naogopa kuja, dada," akasema kwa upole. "Nisije nikakanyaga zulia la shemeji likaisha upande mmoja."

Mke wangu alicheka. Kisha akakata simu, akaniambia kwamba hicho ndicho kicheko chake cha mwisho: siku imepangwa, wageni watakuja, na bila kakake wataondoka bila jibu, na binti atajua ni kwa ajili ya nani. Binti alikuwa jikoni. Nikasikia sufuria zimenyamaza.

Basi nikaenda Changamwe kwa fundi mwenye mashine ya alaimenti, ile ya kupima magurudumu yamesimamaje. Na hapa pia nakiri: nilikwenda kutafuta ushahidi. Nilitaka aniambie gari lilitumbukizwa shimoni na mtu, nipate la kurudi nalo nyumbani. Akafunga vipimo vyake, akatazama skrini, akaniita nije nione. Kila kitu kilikuwa chekundu.

"Mzee wangu, hili gari linatembea kama bata."

Akanieleza kwamba springi zilipokatwa gari lilishuka kupita kiasi, magurudumu yakaegemea ndani kwa juu, na kwa mbele yakaelekea nje, kwa hivyo kila linapokwenda tairi inaburutwa kwa ukingo wa ndani. Kunyoosha hakuwezekani, maana bolti za kurekebishia zilikuwa zimefika mwisho. Kwanza zitoke hizo zilizokatwa, ziwekwe springi zilizotengenezwa fupi tangu kiwandani, na vifungwe vyuma vinavyorekebishika. Ndipo alaimenti ikae.

Nikamuuliza, mtu akilipitisha mashimoni siku moja, tairi haziwezi kuliwa hivi?

"Siku moja? Hapana. Hii ni kazi ya mtu anayeliendesha kila siku. Ni nani huyo?"

Nikamwambia azitoe springi, afunge hizo za kiwandani.

Gari likainuka kidogo, usukani ukatulia, nami nikavuka kwenda Mtongwe. Shemeji ni mwashi, nilimkuta akikoroga mchanga na simiti. Nikamwomba radhi kwa sauti ya chini, mtu asisikie. Alinisikiliza mpaka mwisho, sepetu haikusimama.

"Shemeji," akasema, "ulinitukana kwenye kundi. Mbona radhi unaniletea kwenye mchanga?"

Jamani, kurekodi radhi ni kazi nzito kuliko kupakia magunia! Ya kwanza ilipotea njia, nikajikuta naeleza nilivyojenga nyumba. Mke wangu akaifuta. Iliyofuata nilisema kama kuna mtu alikwazika. Akaifuta nayo. Mwishowe nikasema hivi: tairi nilizila mwenyewe, kwa springi nilizozikatisha mwenyewe, na shemeji hana kosa, nimemvunjia heshima. Nikatuma. Wa kwanza kujibu alikuwa mama mkwe, kwa picha ya uso unaocheka mpaka machozi.

Shemeji alikuja. Alipoulizwa alijibu kwa heshima zote, binti yangu akachumbiwa. Kisha akawanasihi wale wageni kwamba nyumbani kwao wakiona kitu kinaisha upande mmoja, wasikimbilie kumtafuta shemeji wa kijana. Wao walidhani ni hekima. Upande wetu wote waliangua kicheko, mimi nikainamia sahani.

Lakini gari langu hajaligusa tena. Nilimpa ufunguo ampeleke mamake kliniki, akaurudisha mezani kwa adabu. Kwa hivyo nampeleka mimi, mtu mzima ninayesubiriwa sokoni. Mama mkwe hukaa nyuma, na tukipita shimo huniuliza taratibu kama hilo nalo nitalirekodia.

Wewe mwenye gari lililolala, nakuonya. Ukikata springi usidhani alaimenti itakufichia. Tairi zikiisha, simu iache mfukoni, piga magoti uzitazame kwa ndani, maana kwa nje haziambii mtu kitu. Magoti utayapiga tu siku moja. Afadhali uyapige mbele ya tairi, mahali ambapo mama mkwe hayupo.