Skrubu za Ukutani

Wifi yangu ni fundi makabati, na msiombe kuishi na fundi makabati. Ukimkaribisha chai, anaikagua meza kwanza kama imekaa sawa. Mtaani wamempachika jina la Milimita, na jina limemganda hadi kaka yangu aliyemwoa anamwita hivyo hivyo akitaka kumchokoza. Kazi alifundishwa na baba yake, yeye binti peke yake kati ya wavulana ambao hawakutaka hata kushika msumeno. Leo hao hao ndio wanaomlilia awatengenezee milango. Mimi kwake napiga msasa na vanishi, na kelele napiga bure.

Hatengenezi kabati la kuanikwa barabarani, mtu apite anunue. Anakuja kwako, anakaa chumbani kimya hadi unajiuliza kama amesinzia, halafu anaanza maswali ya kukera. Unasoma umekaa au umelala? Nani mrefu humu ndani? Goti linakuuma ukiinama? Kabati likiisha, linakaa ukutani kama vile nyumba ilijengwa nalo. Kujisifu hajui. Nisipomsifia mimi, basi tena.

Kuna jambo moja tu hana mzaha nalo. Skrubu za ukutani, zile ndefu zinazoshikiza kabati lisije likamwangukia mtu, hazichanganyi na nyingine. Anazifunga kwenye kitambaa, anazitia mfuko wa kifuani wa ovaroli yake, na hazitoki humo ila kwenda ukutani. "Zile nyingine za kabati," huniambia. "Hizi za roho za watu."

Sasa siku hiyo tulikuwa tunamalizia kabati la vitabu nyumbani kwa wakili mmoja, mama mwenye vitabu vizito kama matofali. Yeye alikuwa ameshatoka kwenda mahakamani. Tuliwakuta mama yake mzazi, bibi mwembamba mwenye sauti ya upole, na mjukuu wake ambaye ndiyo kwanza amejua kutembea na tayari anapanda kila kitu. Kiti anapanda, dirisha anapanda, mgongo wangu nikiinama kupiga msasa anapanda. Bibi yake alikuwa anamwita Bwana Mkubwa.

Sebule ilikuwa na nguzo mbili zilizotokeza ukutani, na kabati liliingia katikati yake: chini droo kubwa, juu rafu tupu. Sakafu ya nyumba ile imelalia upande wa mlangoni, kwa hiyo Milimita alisukuma kabari chini ya kabati kwa mbele hadi pimamaji likakubali. Dari lilikuwa limeoza, hakutaka liguswe, akaliacha kabati likaishia chini yake. Ilibaki kutoboa ukuta tu. Drili alikuwa nayo mkononi.

Bibi akatokea mlangoni, kidole mdomoni. "Fundi, mwanangu, nakuomba. Bwana Mkubwa kakesha na homa, sasa hivi ndiyo usingizi umempitia. Hilo lidude lako likinguruma ataamka alie tena."

"Haya, mama," Milimita akasema. "Nitatoboa akiamka."

Akaiweka drili chini. Ubaya wake uko wapi hapo? Mimi mwenyewe ningefanya hivyo. Akaendelea na kazi zisizo na kelele: vishikio vya droo, kisha zile kanda za mbao za kuziba mwanya kati ya kabati na nguzo. Na kanda hizo zikishakaa, fundi na asiye fundi wote wanaona kitu kimoja, kabati limekwisha. Bibi akaleta chai, akalizunguka na macho, akatuombea dua hadi tukaona haya. Bwana Mkubwa akaamka, homa hakuna, akaenda moja kwa moja kwenye droo na kuifungua na kuifunga, huku anacheka. Tukacheka naye. Tukafagia, tukabeba vifaa, tukaondoka.

Karakana tulifika jua bado kali. Milimita akakaa kwenye benchi, akapeleka mkono kifuani kujipangusa jasho. Mkono ukagota hapo.

"Vipi, umeokota dhahabu?" nikamwuliza.

Akatoa kile kitambaa. Alipokifungua zikalia, kli kli, akanitazama macho yamemtoka. Jamani, yule mtu simjui kuogopa. Nimemwona akicheka na kidole kinavuja damu. Siku hiyo midomo ilikuwa inamcheza.

"Wifi," akasema, "lile kabati halijashikwa na kitu."

Nikataka kumwambia usijali, ni zito lile, litasimama. Nikakumbuka sakafu inavyolala, nikakumbuka zile droo, kwamba ukizifungua zote uzito wote unakuja mbele. Halafu nikamkumbuka Bwana Mkubwa.

Nikampigia wakili. Imezimwa, yuko mahakamani huyo. Nikampigia bibi. Ikaita weee, hadi ikakata yenyewe. Nikapiga tena. Milimita alishasimamisha pikipiki barabarani, mfuko wa vifaa begani, tukapanda wote wawili nyuma ya yule kijana dereva, tumebanana kama vipande vya mkate.

"Labda wamelala," nikampigia kelele sikioni.

"Piga simu!"

"Labda wametoka kidogo."

"Wewe piga simu, nimesema!"

Nikapiga njia nzima. Kila ikiita bila kupokelewa nilizidi kuogopa, hadi nikawa nataka iite na sitaki iite. Dereva akatuuliza kama tuna mgonjwa. Milimita akamwambia aendeshe.

Geti lilikuwa limefungwa kwa ndani. Tukagonga, tukaita hodi, kimya. Kisha tukasikia mtoto analia, kile kilio cha kukwama, cha mtoto aliyekwisha kulia sana. Milimita akanikabidhi mfuko wa vifaa. Alipanda ukuta ule, mtu mzima na heshima zake, suruali ya ovaroli ikachanika, akaruka ndani na kunifungulia. Tukapitia mlango wa jikoni.

Bibi alikuwa amesimama amelibandikia kabati kifua na viganja, miguu ameikita, shavu limekandamizwa kwenye ubao. Droo zote zilikuwa wazi pembeni yake, moja juu ya nyingine kama ngazi. Juu ya kichwa chake, kwenye rafu, amekaa Bwana Mkubwa. Kabati lilikuwa limeachana na ukuta, kanda zimeng'oka, kabari imerushwa hadi katikati ya chumba. Na kwenye kochi, mbali na mkono wa bibi, simu ilikuwa inaita. Mimi ndiye niliyekuwa napiga. Nilipiga tena getini wakati Milimita anapanda, nikasahau kukata.

Milimita akaingiza bega. "Mtoe mtoto! Usimvute, mnyanyue!"

Nikapanda kiti, nikamnyanyua. Alinikaba shingo nusura aninyonge. Milimita akazisukuma droo kwa goti, moja moja, akalirudisha kabati ukutani, akapiga kabari mahali pake kwa kisigino.

"Mama, achia sasa. Nimelishika mimi."

Bibi hakuachia.

"Mama. Niko hapa. Achia."

Ilibidi nimbandue vidole mimi, kimoja kimoja, vimekakamaa. Akakaa chini sakafuni pale pale, akanyoosha mikono nikamwekea mtoto mapajani.

"Simu nilikuwa naisikia," akasema. "Kupiga kelele siwezi, nikivuta pumzi linakuja. Nikawa nasema moyoni, wakichoka kupiga, basi tena."

Mimi hapo nikalia. Milimita alisimama ameegemeza mgongo kabatini, hataki kuondoka hata kidogo.

"Ni mimi, mama," akasema. "Wewe uliniomba nisubiri tu. Kusahau nimesahau mimi."

Bibi alikuwa anamkagua mtoto vidole, masikio, magoti. Bwana Mkubwa alipiga kwikwi kidogo, macho yakamlegea, akalala hapo hapo mapajani, jasho linamtoka.

Milimita akanipa ishara nije nishike kabati. Akatoa drili kwenye mfuko, akakibandua kipande cha mbao cha nyuma ya rafu ya juu ili aufikie ukuta, akaweka alama. Kisha akamtazama mtoto, drili imeelekezwa, kidole hakibonyezi.

"Unangoja nini?" bibi akauliza.

"Kalala, mama."

"Toboa."

Drili ikanguruma, vumbi la ukuta likatumwagikia. Bwana Mkubwa akashtuka, akaachama, akapiga yowe la kutoboa masikio. Bibi hakumbembeleza. Alimkumbatia, machozi yanamtiririka hadi kidevuni.

"Lia, baba," akamwambia. "Lia tu."