Vidonge vya Jimama

Jina la Jimama alipewa na wateja wake mwenyewe, na hakuwahi kulikasirikia. Alikuwa msusi, mwenye saluni ndogo jirani na duka la vinywaji baridi, na mwili wake ulijaza mlango kiasi kwamba akiingia alitanguliza bega. Mteja akikaa kwenye kiti cha kusukia na kuegemeza kisogo kwenye tumbo la Jimama, usingizi ulimbeba palepale. Mwalimu mmoja wa sekondari, mteja wa siku nyingi, alizoea kusema, "Mimi hapa siji kusuka, nakuja kulala. Mito ya nyumbani kwangu yote ni migumu." Jimama akicheka, saluni nzima ilicheka naye.

Lakini msusi anafanya kazi akiwa amesimama, na magoti ya Jimama yalikuwa yamechoka kubeba. Jioni alipanda ngazi za nyumbani huku ameshika ukuta, kila ngazi na pumziko lake. Sukari ilikuwa imepanda. Akilala alikoroma, kisha ghafla akanyamaza, pumzi ikakatika, na mumewe akawa anamtikisa kwa hofu. Mumewe alikuwa fundi wa friji, mtu mpole, asiyependa kitu kigome kufanya kazi halafu asijue sababu. Yeye ndiye aliyemsukuma warudi kwa daktari wa sukari, na daktari ndiye aliyewatajia upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula.

Daktari aliwachorea kwenye karatasi. Mfuko unabaki mdogo kama yai la kuku, kisha utumbo unaunganishwa kwa njia ya mkato, kipande cha mwanzo kikarukwa.

Fundi aliutazama mchoro ule kama anavyotazama mabomba ya friji. "Na kazi iliyokuwa inafanywa na kipande hiki kinachorukwa?"

"Hapo ndipo penye shughuli," daktari alisema. "Chakula kitapita bila kunyonywa vizuri. Kwa hiyo mama atatumia vitamini na madini maisha yake yote. Si mwezi, si mwaka. Maisha yote."

"Nitameza, daktari," Jimama aliitikia haraka, kwa sauti ya mtu ambaye siku ile angeitikia lolote ilimradi magoti yapone.

Upasuaji ulikwenda salama. Alianza kwa supu nyepesi, kijiko baada ya kijiko, akapanda kwenye vyakula laini, na mwili ukaanza kupungua kama nguo inayochuruzika maji kwenye kamba. Sukari ikashuka mpaka daktari akamwachisha dawa zake. Asubuhi moja saluni, kabla wateja hawajafika, alikaa kwenye benchi na bila kufikiri akapandisha mguu mmoja juu ya mwingine. Akajitazama. Kisha akapiga kelele.

"Wifi! Wifi, njoo uone!"

Wifi yake, dada wa fundi, ambaye walikuwa wakisuka pamoja, alitoka mbio nyuma ya pazia na taulo mkononi akidhani kumeungua kitu. "Kuna nini?"

"Nimekunja nne!"

Wifi aliliangalia goti lile lililokaa juu ya mwenzake, akaweka taulo chini, akaangua kigelegele mpaka muuza vinywaji akachungulia. Siku hiyo Jimama alikunja nne kila alipopata nafasi ya kukaa, na nyingine aliitafuta bila sababu.

Sasa vidonge. Hospitali kulikuwa na mtaalamu wa lishe, binti mwenye miwani mikubwa na sauti ndogo, aliyemwelekeza kwa makini. Multivitamini asubuhi. Chuma mchana, pamoja na juisi ya chungwa, mbali na chai. Kalsiamu baadaye, kwa awamu, kwa sababu chuma na kalsiamu zikiingia pamoja zinazuiana njiani. Na kila baada ya muda, sindano ya vitamini B12. Jimama alifuata yote hayo kwa adabu ya mwanafunzi mpya.

Kisha saluni ikafurika. Watu walikuja kusuka, na wengine walikuja kumwona tu. Mteja aliingia, akamtazama usoni, akamuuliza, "Samahani dada, Jimama yuko wapi?" Saa ya kidonge cha mchana ilimkuta na kichwa cha mtu nusu kimesukwa, akasema nitameza nikimaliza, na akimaliza anakuta mwingine kashakaa. Basi akatafuta njia yake ya mkato. Asubuhi alivimimina vidonge vyote kiganjani, akavimeza kimoja kimoja akishushia na chai ya maziwa, kazi ikaisha.

Wifi alimwona. "Si ulisema viachanishwe?"

"Vyote vinakwenda tumboni, wifi yangu. Vitagawana vyenyewe hukohuko."

Nywele ndizo zilizoanza. Alikuwa ameambiwa kwamba mtu akipungua haraka nywele hukatika kwa muda, hivyo mwanzoni hakushtuka. Ila muda ulipita na nywele ziliendelea kubaki kwenye chanuo. Ukiwa karani si neno. Ukiwa msusi, kichwa chako ndicho kibao cha duka. Akaanza kufunga kilemba, cha rangi moja leo, cha rangi nyingine kesho, na wateja wakadhani ni mtindo wa wembamba wake. Wawili walimwiga.

Uchovu ulifuata. Mchana mikono ilimwia mizito, akisuka kichwa kimoja anatamani kuketi. Akiinama kuokota kitana na kuinuka, ukuta ulizunguka. Alijiambia ni kazi nyingi. Na katikati ya yote hayo akapatwa na hamu ambayo hakumwambia mtu: barafu. Si maji baridi, si aiskrimu. Barafu yenyewe, ya kutafuna, ile inayolia kro kro kro kati ya meno. Muuza vinywaji alimpa kikombe kizima, akarudi kuomba kingine. Nyumbani alisubiri mumewe aende kuoga, akafungua friji.

Fundi, maskini, alianza kuona mambo yasiyoeleweka. Kila akifungua friji yake, trei za barafu zilikuwa tupu. Akazijaza maji. Zikawa tupu tena. Aliweka mkono kwenye jokofu, baridi ilikuwepo. Akasikiliza mashine, ilinguruma vizuri. Jambo lile lilimkosesha raha, maana kutengeneza friji za mtaa mzima halafu ya kwako haigandishi ni aibu. Jumapili asubuhi akaivuta friji katikati ya jikoni, akaitoa mlango, akatandaza skrubu kwenye gazeti, akapiga magoti nyuma yake na tochi mdomoni.

Wifi alikuja kuwasalimia akakuta hali hiyo. "Kaka, imekufa?"

Fundi alitoa tochi mdomoni. "Haishiki barafu. Najaza maji, barafu inapotea. Nimepima gesi, gesi ipo. Nimekagua mpira wa mlango, mpira mzima. Sijawahi kuona ubovu wa namna hii."

Wifi alimgeukia Jimama, aliyekuwa mlangoni akitazama dari. "Wifi, utamwambia au nimwambie?"

Jimama alizidi kuikagua dari.

"Kaka, rudisha skrubu zako. Friji yako haina ubovu wowote. Mkeo anaila."

"Anakula nini?"

"Barafu! Saluni anatafuna kutwa. Wateja wananiuliza kama tumeweka kinu cha kusaga kokoto."

Jimama mwenyewe ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akashika fremu ya mlango, na wote watatu wakawa hoi. Lakini alipotaka kuiachia fremu hakuweza. Macho yalimwingia giza. Fundi alirusha tochi, akamdaka, na akamkalisha kwenye kiti.

"Tangu lini kizunguzungu hiki?" alimuuliza. Hakuwa akicheka tena.

"Kitambo kidogo, Fundi wangu."

"Kesho tunakwenda hospitali. Na saluni utaifunga."

"Saluni nipo mimi," wifi alisema. "Nendeni."

Mtaalamu wa lishe hakuhitaji kuambiwa mengi. Alimvuta Jimama kope la chini, akaangalia weupe wake, akasoma majibu ya damu yaliyotoka maabara. Kisha akauliza kwa sauti yake ndogo, "Mama, kuna kitu chochote unachotamani sana kutafuna? Udongo, mchele mbichi, barafu?"

Fundi alikohoa. Jimama aliinamisha uso. "Barafu, mwanangu."

"Ni damu hiyo. Chuma kimeisha mwilini, na wengi kikiwaishia hutamani vitu vya namna hiyo. Vidonge unameza?"

"Kila siku! Sijaruka hata siku moja."

"Unavimezaje?"

Hapo Jimama akaeleza habari ya kiganja kimoja na chai ya maziwa, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia akipunguza sauti. Binti yule hakumfokea. Alitabasamu tu, akasema, "Basi, mama, umekuwa ukijitahidi bure. Kalsiamu, maziwa na chai vimekisimamisha chuma mlangoni, kikatoka kama kilivyoingia. Tutakuwekea chuma kwa dripu, halafu tuanze upya."

Aliwekewa dripu akiwa amelala kwenye kitanda cha dirishani, fundi pembeni yake akiangalia matone kama anayekagua mtambo. Hamu ya barafu ilimwacha hata kabla nguvu hazijarudi sawasawa. Aliamka asubuhi moja, akapita mbele ya friji, akafika mlangoni ndipo akagundua kwamba hakuitamani.

Tangu hapo vidonge vina saa zake, na saa zenyewe zimo kwenye simu, kwa mlio wa jogoo. Jogoo akiwika mchana, Jimama anautoa mkono wake kwenye kichwa cha mteja yeyote, hata awe bibi harusi, na wifi anamletea juisi. Yule mwalimu wa sekondari, ambaye sasa anauegemea mto wa kununua, ndiye msimamizi mkali kuliko wote. "Chuma hicho, Jimama! Mimi sina haraka." Kuna siku anakichoka, kwa kuwa kidonge cha chuma kina ladha ya msumari na hufunga choo, naye analisema hilo waziwazi kwa yeyote anayemuuliza kama upasuaji ni jambo jepesi. Akimaliza kulisema, anakimeza.

Nywele zimerudi, laini kama za mtoto. Amezikata fupi na kuziacha hivyo, na kilemba amekipa likizo.

Jumapili jioni yeye na fundi wanatembea kwa miguu mpaka juu ya kilima, kwenye tangi la maji la mtaa. Juzi walipofika katikati, fundi ndiye aliyesimama, mikono kiunoni, akihema.

"Punguza mwendo, bibie. Mimi sikupasuliwa."

Walikaa kwenye ukuta mfupi wa kando ya njia. Jogoo akawika kwenye mkoba, Jimama akatoa kalsiamu yake, ile ya kutafuna, akaiweka mdomoni.

"Ina ladha gani hiyo?" fundi aliuliza.

"Chaki iliyopakwa ndimu."

"Nipe nionje."

"Hii ina mwenyewe. Wewe punguza soda."

Fundi alicheka, akamchukulia mkoba, wakainuka. Kulikuwa bado na mwanga, na tangi halikuwa mbali.